Macho Mekundu Siyo Ushahidi

Somo letu la leo linahusu jambo linaloharibu vijiji vyetu, nalo ni kumpima mtu kwa sura yake. Tutalitazama jinsi Mkristo anavyopaswa kulitazama. Lakini ndugu zetu Waislamu nao wasome, maana bibi anayevamiwa usiku haulizwi dini yake.

Sote tunajua mambo yanavyoanza. Mvua imechelewa, au mtoto amefariki ghafla. Watu wananong'ona: "Yule bibi wa kule bondeni, mmeyaona macho yake? Mekundu kama pilipili!" Kesho yake neno limefika kilabuni. Keshokutwa mpiga ramli anasema mbaya wenu ni mwanamke mzee, anakaa peke yake. Hakutaja jina, lakini kila mtu anajua anasemwa nani. Baada ya hapo ni mapanga.

Hii siyo hadithi. Kwa hesabu iliyotangazwa na watetezi wa haki za binadamu, kati ya mwaka 2004 na 2009 wanawake wazee 2,585 waliuawa katika mikoa 8 ya Tanzania kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Kati ya hao, 120 walikuwa wa mkoa wetu wa Singida. Hebu fikirini. Watu 120 wanajaza kanisa la kijiji.

Haya, tuulize sasa: macho yale yamekuwaje mekundu?

Twende jikoni. Mafiga matatu, chungu juu, moto chini. Kama nyumba ni tembe, paa liko chini na dirisha ni dogo au halipo kabisa. Kuni kavu zimekuwa shida, kwa hiyo mama anachochea mabua ya mtama, au samadi iliyokauka. Moshi unajaa nyumba nzima. Mtoto wa kike akianza kupika ana miaka 8, akifika miaka 68 amekaa kwenye moshi ule miaka 60. Jamani, macho hayo yatabakije meupe? Na ugali uliopikwa kwa moshi ule tumeula sisi.

Iko sababu nyingine, ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu wanauita trakoma. Unapenda sehemu kavu zenye shida ya maji, kama huku kwetu katikati ya nchi, Dodoma na Singida. Vijidudu vyake hutoka kwa mtu hadi mtu kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso na kwa inzi wanaotua machoni pa watoto. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaolea watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Kope inajikunja, na nywele zake zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, mwisho linapofuka. Ugonjwa huu una dawa, na kope iliyojikunja hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Kunawa uso kila siku kunasaidia kuuzuia. Kwa hiyo bibi yule alihitaji kupelekwa zahanati, siyo kupelekewa panga.

Tukifungua Biblia, tunaona habari ya macho imo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, Labani alikuwa na binti wawili. Raheli alikuwa mzuri wa sura. Lea, mkubwa wake, macho yake yalikuwa dhaifu. Yakobo alimpenda Raheli, na Lea hakupendwa. Lakini Mungu alimwangalia yule asiyependwa. Lea ndiye aliyemzaa Yuda, na katika kabila la Yuda akatoka mfalme Daudi, na katika ukoo wa Daudi akatoka Yesu. Kama wakwe wa Lea wangeyapima macho yake kama sisi tunavyopima, tungekuwa wapi?

Daudi mwenyewe karibu asahauliwe. Nabii Samweli alipofika Bethlehemu kwa Yese kutafuta mfalme, alipomwona Eliabu, kijana wa kwanza, akadhani ndiye. Mungu akamkataza kutazama umbo na urefu, kwa kuwa Yeye hutazama moyo. Vijana 7 walipita, hakuchaguliwa hata mmoja. Wa nane alikuwa machungani, hata baba yake hakuona haja ya kumwita. (Daudi naye alikuwa na sura nzuri, Biblia yasema hivyo. Uzuri siyo dhambi. Tunachosema ni kwamba haukuwa sababu ya kuchaguliwa.)

Kwa Kiswahili neno "sura" ni uso, na pia ni sehemu ya kitabu. Aliyesoma sura moja hawezi kusema amemaliza kitabu.

Basi tutamjuaje mtu? Yesu alifundisha kwamba mti hujulikana kwa matunda yake. Hakutaja gome. Yule bibi, matunda yake ni yapi? Nani alilea wale yatima? Nani alikuwa anaitwa usiku mwanamke akishikwa na uchungu? Mpiga ramli naye tumpime vivyo hivyo. Anakuja na pikipiki, shati safi, tunampa kiti, na bibi anakaa chini. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unakataza jambo hilihili: kumpa mwenye pete ya dhahabu nafasi nzuri na kumketisha maskini chini. Na matunda ya ramli ni nini? Ni maiti. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Tuseme na hili wazi. Mara nyingine anayenong'ona wala haogopi uchawi. Anataka shamba. Mjane hana mume wa kumtetea, na shamba lake ni zuri. Ukisikia neno baya juu ya mzee, uliza kwanza nani atarithi.

Ukishasikia, usilipeleke mbele. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, na polisi, mapema. Wazee wa kanisa waende nyumbani kwake mchana, watu wote wakiona, wakae, wale chakula chake. Wauaji hupenda mtu aliyeachwa peke yake. Jumapili akija ibadani, kaa naye benchi moja.

Mkikutana kikundini, jadilini haya: Katika kitongoji chetu, ni wazee gani wanaokaa peke yao? Nani kati yao anaumwa macho, na nani atampeleka zahanati, siku gani? Mmoja wenu aandike majina na tarehe.