SOMO LA USALAMA: BIYELETI ZA MOTOKARI, NAMNA YA KUZICHAGUA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, somo letu la leo ni juu ya kipande kidogo cha chuma kilicho karibu na gurudumu la motokari. Mafundi wa garaji wanakiita biyeleti. Wengi wanakijua kwa kelele yake: to! to! to! kila mara motokari inapopita katika kishimo. Wengine wakichoka na kelele hiyo wanamwambia fundi: «Toa tu, motokari itatembea.» Ni kweli, itatembea. Lakini siku ya kukwepa hatari kwa ghafula, haitatembea vile unavyotaka.

Pengine utauliza: habari ya piesi za motokari inatafuta nini katika ukurasa wa afya? Kazini tunavaa kaske na viatu vigumu, na mkubwa wa kazi anatuangalia. Siku ya mapumziko tunaingia katika motokari pamoja na bibi na watoto, na pale mwenye kuangalia usalama ni wewe peke yako. Mguu uliovunjika barabarani unauma sawa na ule uliovunjika kazini.

1. KAZI YAKE NI NINI?

Chini ya motokari nyingi, mbele na mara nyingine nyuma, kuna fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa. Inatoka upande wa kushoto mpaka upande wa kuume. Mafundi wanaiita bare stabilizatrisi. Hapa tutaiita fimbo ya kusawazisha. Si kitu kipya: Stephen Coleman, mtu wa Fredericton katika Kanada, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1919.

Katikati, fimbo hiyo imeshikwa na mipira miwili. Kila ncha yake imefungwa na biyeleti, na biyeleti inashika amortisere ao mkono wa gurudumu. Unapokata kona, mwili wa motokari unalalia upande wa nje. Hapo fimbo inajipinda, nayo inakataa kupindwa, na kwa njia hiyo inazuia motokari kulala sana. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, kama unapopita juu ya kilima kidogo cha barabara, fimbo inazunguka tu katika mipira yake bila kazi kubwa.

Basi, biyeleti ni kama mkono unaoshika fimbo. Mkono ukikatika, fimbo inabaki pale lakini haina kazi. Kumbuka pia ya kuwa motokari ndogo nyingine zilitoka kiwandani pasipo fimbo hii. Tazama kwanza kabla ya kununua.

2. KWA NINI HAPA KWETU ZINAKUFA UPESI?

Katika Kisangani mvua inanyesha karibu kila mwezi. Ukitoka kwenye lami ya Makiso unaingia katika matope, na ukienda njia ya Banalia ao ya Bafwasende unakutana na mashimo, maji na udongo mwekundu. Ndani ya kichwa cha biyeleti kuna tufe dogo la chuma (rotili) linalozunguka katika grese. Mpira mwembamba unalifunika. Mpira huo ukipasuka, maji na mchanga vinaingia, grese inatoka, na tufe linaanza kucheza. Ndiyo ile kelele.

Wengine wanasema: «Katika matope fimbo haina faida, afadhali kuitoa.» Maneno haya yana ukweli kidogo. Watu wenye jipu za porini huifungua wanapopita polepole kati ya mawe, ili magurudumu yashuke na kupanda vizuri. Lakini wanaifunga tena kabla ya kukimbia barabarani. Wewe utatoka matopeni, utashika lami ya kwenda Bangboka, utaongeza mwendo, na mtu wa toleka ao wa pikipiki atakatiza mbele yako. Utageuza usukani kwa nguvu, kisha utaurudisha. Ni pale motokari inalala upande mmoja, halafu upande wa pili. Ikiwa imejaa watu, na mizigo iko juu ya paa, hatari ni kubwa zaidi. Asiyefunga mkanda anarushwa juu ya mwenzake ao nje ya mlango.

Tena biyeleti iliyokatika na kuachwa inaning'inia. Inaweza kupiga pine ao mpira wa maji ya freni.

3. AINA TATU UTAKAZOONA SOKONI

a) Yenye rotili iliyofunikwa na mpira. Ndiyo aina ya motokari nyingi za leo. Haina kelele, na matope hayaingii upesi. Nyingine ina kitundu cha kuongezea grese. Hicho ni kizuri, ila ni lazima kweli uongeze grese.

b) Yenye bulo ndefu na mipira. Ni rahisi kutengeneza. Mipira ya kawaida ni laini na haina kelele. Ile migumu, ya rangi nyekundu ao ya manjano, inavumilia mafuta na inashika fimbo kwa nguvu zaidi, lakini ikikosa grese yake inalia.

c) Ya kurefusha na kufupisha, yenye vichwa vya chuma vilivyo wazi. Inang'aa na inapendeza macho. Ilifanywa kwa ajili ya motokari za mashindano, ambazo mafundi wanazitazama baada ya kila safari. Katika vumbi na matope yetu vichwa vile vilivyo wazi vinalika upesi, na kelele inarudi. Inafaa kwa mtu aliyeinua ao kushusha motokari yake, na urefu wa kiwandani haufai tena. Kwa motokari ya jamaa iliyobaki na kimo chake, chagua (a) ao (b), kadiri ya ile iliyotoka nayo kiwandani.

4. MAMBO SITA YA KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

Chukua ile ya zamani mkononi, uende nayo sokoni. Usiseme tu «biyeleti ya Toyota», kwa maana Toyota ziko nyingi. Kisha tazama:

— Urefu: pima toka katikati ya kichwa kimoja mpaka katikati ya kingine. Ya kushoto na ya kuume zisipolingana kama kiwanda kilivyotaka, fimbo inakaa imepindwa hata motokari ikisimama, na kona ya kushoto haitafanana na ya kuume.
— Namna bulo zinavyoelekea: upande mmoja, ao kila moja upande wake. Nyingine zina ya kushoto na ya kuume.
— Unene wa bulo na meno yake: bulo mbili zenye unene mmoja zinaweza kuwa na meno mbalimbali. Zungusha ekru kwa vidole, ikikataa, usiilazimishe.
— Mpira wa kufunika: usiwe na ufa, nao ubane vizuri pande zote.
— Rotili: isukume kwa kidole. Piesi mpya inazunguka kwa uzito kidogo. Ikilegea kama jino bovu, irudishe.
— Ekru mpya zinazojifunga zenyewe ziwe pamoja nayo. Ile ya zamani haishiki tena vizuri.

Nunua mbili pamoja, ya kushoto na ya kuume. Ile ya pili imepita katika mashimo yale yale.

5. KUJUA KAMA KWELI NI YENYEWE

Si kila kelele ni ya biyeleti. Rotili ya chini inayoshika gurudumu inaweza kulia namna hiyo hiyo, na ile ikitoka, gurudumu linalala na motokari haiongozwi tena. Kwa hiyo fundi atazame zote.

Njia rahisi ni hii: simamisha motokari mahali sawa, zima mashine, vuta freni ya mkono, na geuza usukani mpaka mwisho ili biyeleti ionekane nyuma ya gurudumu. Mwenzako atikise motokari kushoto na kuume. Wewe weka kidole juu ya kichwa cha biyeleti, mbali na springi. Ikiwa imekufa utasikia mgongo wake ukigonga.

6. KRIKI INAUA

Usiingie hata siku moja chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Katika udongo wetu laini kriki inazama ao inalala. Weka ubao mpana chini yake, zuia magurudumu mengine kwa miti, na weka vikalio vya chuma chini ya motokari. Watoto wakae mbali. Inua magurudumu mawili ya mbele pamoja: ukiinua moja tu, fimbo inabaki imepindwa, na bulo ikitoka inaweza kurukia mkono wako. Kwa biyeleti zenye mipira, kaza mara ya mwisho magurudumu yakiwa tayari chini. Baada ya siku chache za kutembea, angalia ekru tena.

TUKUMBUKE

Urefu ulio sawa, mpira mzima, mbili pamoja. Biyeleti iliyokufa ibadilishwe, isitolewe na kutupwa. Na kama bado hujapata falanga za kuinunua, punguza mwendo, usipakie juu ya paa, na kila mtu afunge mkanda.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Fimbo ya kusawazisha inafanya kazi wakati gani?
2. Kwa nini biyeleti ya mashindano haifai katika matope?
3. Kelele ile ile inaweza kutoka kwa piesi gani yenye hatari zaidi?
4. Kwa nini tunainua magurudumu mawili ya mbele pamoja?

Soma maulizo haya nyumbani pamoja na kijana wako anayejifunza kuongoza motokari.