Alama Nyeupe Katika Picha ya Mtoto

Mama, pengine munganga atakuambia siku moja: "Peleka mtoto kwenye radio, tuone kifua chake." Fundi ataleta kisanduku bapa, jina lake kaseti, na mtoto atawekwa kifua juu yake. Ndani mna nini?

Mna filimu, na karatasi mbili za plastiki zilizopakwa unga. Miali ya radio haionekani kwa macho. Lakini ikipiga unga ule, unga unatoa nuru kidogo, na nuru hiyo ndiyo inachora karibu picha yote. Edison wa Marekani alitumia unga wa namna hii tangu mwaka 1896. Bila unga, ingetupasa kumpiga mtoto miali mingi zaidi, na miali mingi si mizuri kwa mwili.

Juu ya unga mna ngozi ya plastiki, nyembamba kuliko unywele. Inaulinda. Kwa nini basi wasiifanye nene? Kwa sababu nuru ingetawanyika ndani yake, na picha ingekuwa kama kutazama mlima wakati wa ukungu. Kwa hiyo watengenezaji wanatafuta plastiki iliyo ngumu zaidi, siyo nene zaidi. Hata mashine za kompyuta zisizo na filimu zina bamba lenye ngozi kama hiyo.

Ngozi ikikwaruzwa, ao vumbi likikaa juu yake, nuru haipiti. Pale picha inabaki nyeupe. Na kifua kikuu nacho kinaonekana cheupe!

Nilipokuwa kwenye hospitali moja, mama mmoja alilia usiku kucha kwa sababu ya alama kama hiyo. Walikwisha kusema habari ya dawa za kifua kikuu. Asubuhi fundi akaona alama ile ile, mahali pale pale, katika picha ya mzee mmoja. Kaseti ilikuwa moja! Akaisafisha kwa pamba laini na dawa yake, akaiacha wazi ikauke. Picha ya pili ilikuwa safi. Lakini mtoto amekwisha kupigwa miali mara mbili.

Basi, mama, mvue mtoto shanga, hirizi na nguo yenye vifungo. Ukiwa na mimba, sema mbele ya kuingia. Picha ya zamani uje nayo. Na mtoto akikojoa ao kutapika juu ya kaseti, usione haya, wala usipanguse kwa kitenge. Mwite fundi pale pale, maana maji yakiingia ndani yanaharibu ngozi ile.