Samaki wa mapambo nyumbani: hela inapotea kwenye maji, siyo kwenye tangi

Leo tunaliacha bwawa kidogo, tuingie sebuleni.

Hivi karibuni watu watatu wameniuliza swali lilelile: "Afisa, nataka kufuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo, nikishazoea nianze kuuza. Nipunguzeje gharama?" Kumbe wote watatu walikuwa wameshanunua! Mmoja alichukua gapi 12 pamoja na tangi, taa, mawe ya rangi na ngome ya plastiki. Siku ya tisa alibaki na watatu. Akarudi dukani, akanunua wengine kumi na chupa ya dawa. Nao wakafa.

Nikamwambia apige hesabu. Hela ya tangi inatoka mara moja. Hela ya samaki wanaokufa inatoka kila ukirudi dukani. Hapo ndipo pa kubana.

Sasa, walikufa na nini? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi na chakula kilichooza huongeza nyingine. Kwenye bwawa lako la sato maji ni mengi na bakteria wa kuishughulikia wapo tayari, kwa hiyo huioni kazi yao. Kwenye tangi jipya bado hawapo wa kutosha. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo samaki anaivumilia kwa kiasi mpaka utakapobadilisha maji. Makundi haya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukaa sawa. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakaua.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kuokoa hela ni kusubiri, na kusubiri ni bure. Jaza maji, washa pampu ya hewa yenye chujio la sponji, tia chembe chache za chakula kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji chake. Kibebe kikiwa kimelowa, kiweke kwako siku hiyohiyo, na utapunguza wiki kadhaa. Kitu cha kununua hapa ni kipimo cha amonia na naitraiti. Mkiwa vijana wanne mtaani, changieni kimoja. Vyote viwili vikisoma sifuri wakati tangi linaendelea kulishwa, weka samaki wawili au watatu kwanza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuosha sponji kwa sabuni chini ya bomba, nikajiona msafi sana. Kabla wiki haijaisha nilikuwa naopoa samaki waliokufa. Nilikuwa nimewaua bakteria wote! Sponji lisuuze kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, basi.

Vilevile usimwage maji yote. Badilisha robo kila wiki. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke. Kama mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini, hiyo haitoki kwa kuachwa, utahitaji dawa ya kuondoa klorini. Walio pwani wenye kisima cha maji magumu wasihuzunike, gapi wanayapenda.

Tangi dogo ni bei chee lakini ni mtego, maana maji machache yanachafuka haraka. Anza na la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, linalobeba lita 54. Kumbuka hizo ni kilo 54 za maji peke yake, kwa hiyo kile kimeza cha TV chenye miguu myembamba hapana. Ukiunganisha vioo mwenyewe, tumia silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu.

Umeme wengi wanauogopa bure. Pampu ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana inakula kama yuniti 2 za LUKU kwa mwezi. Kinachokula ni hita. Ya wati 50 ikiwaka nusu ya muda tu inafika yuniti 18. Dar, Tanga na Mtwara huihitaji kwa gapi. Njombe na Makete usiku ni baridi kweli, na huko ningechagua samaki wa dhahabu wanaovumilia baridi, ila wanakua wakubwa na wanachafua sana, kwa hiyo lita 54 haziwatoshi.

Kwenye chakula wafugaji wa sato mna bahati. Ile pumba laini ya dukani ya kuanzishia vifaranga wa sato, yenye protini nyingi, gapi wanaila vizuri. Chota kidogo kwenye mfuko wako badala ya kununua vikopo vidogo vya bei. Wape wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Kinachobaki kinageuka amonia, yaani umelipia sumu. Usifuge viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo kwa ajili yao. Ukisahau siku mbili tatu umewapa majirani mbu.

Kwa anayelenga kuuza, nunua dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Jike wa gapi huzaa kila baada ya kama wiki 4, na huhifadhi mbegu za dume, hivyo anaweza kuendelea kuzaa hata ukimtenga. Wazazi hula watoto wao, kwa hiyo tia majani mengi ya majini au watenge watoto kwenye beseni lenye sponji lililokwisha kukomaa. Wakizidi, wagawie wenzako au wauze. Usiwamwage mtoni wala kwenye bwawa la jirani.

Yule kijana wa gapi 12 hajanunua samaki tena. Tangi lake lina maji na sponji la kuazima, liko wiki ya tatu, na naitraiti bado inasoma juu. Nimemwambia asiende dukani.