SOMO LA KIKUNDI: BAISKELI ZA KUKODISHA THIKA NA RUIRU



Katika somo hili tunaangalia kazi moja ambayo vikundi vya vijana na vya akina mama vinaweza kuifikiria: kununua baiskeli chache na kuzikodisha kwa saa au kwa siku. Wateja ni wa aina mbili. Kuna jirani zetu ambao wana safari fupi na hawana baiskeli. Halafu kuna wageni, hasa watu wa Nairobi, ambao wikendi wanataka kutoka kwenye moshi na kelele, waone mashamba, mito na vijiji.

Someni somo hili kwa sauti mkutanoni, sehemu moja moja, na mjibu maswali yaliyo mwishoni. Pesa zitakazotumika ni za wanachama, na nyingine ni za mama aliyeuza maziwa mwezi mzima. Kwa hiyo tufikiri kwanza, ndipo tununue.

1. JE, KUNA MAHALI KAZI HII INAFANYIKA?

Ndiyo, hapa hapa Kenya. Katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyoanzishwa mwaka 1984, mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Karibu na lango kuna watu wanaojipatia riziki kwa kukodisha baiskeli. Katika Msitu wa Karura, Nairobi, baiskeli zinakodishwa pia. Kwa hiyo wateja wapo. Swali ni kama watakuja kwetu, na kama watarudi mara ya pili.

Thika na Ruiru zina faida yake. Kutoka Nairobi hadi Thika ni kilomita 45 hivi, na tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012 safari imekuwa rahisi. Mgeni anaweza kufika asubuhi kwa matatu, aendeshe baiskeli, na alale kwake usiku huo huo.

Na vya kuona vipo. Thika mjini kuna maporomoko mawili, ya mto Chania na ya mto Thika, karibu na hoteli ya Blue Posts ambayo ilianza mwaka 1908. Upande wa Ruiru kuna kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko ndicho kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, ile inayostahimili CBD na kutu ya majani. Wengi wetu tumeipanda. Mgeni anayekunywa kahawa kila asubuhi, na hajawahi kuona mti wake, atafurahi kuoneshwa na mkulima mwenyewe jinsi inavyochumwa na kupelekwa faktori.

2. TUIJUE NCHI YETU

Mtu asiyejua njia hawezi kumwelekeza mgeni. Kuna mambo matatu ya kujifunza.

Kwanza, miinuko. Mito yetu, kama Ruiru, Ndarugu, Thika na Chania, inatoka upande wa milima ya Nyandarua na kuteremkia upande wa mashariki. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa nchi. Barabara inayofuata mgongo haina taabu sana. Barabara inayokata migongo inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena, na mgeni asiyezoea atasukuma baiskeli hadi achoke. Mteja mgeni apewe njia ya mgongo. Na ikiwezekana aanze kwa kupanda, kwa mfano kuelekea Gatundu, akiwa bado na nguvu, ili arudi kwa mteremko.

Pili, udongo. Upande wa Ruiru na Gatundu tuna udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Ukishuka kuelekea Juja na Kilimambogo unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa unaganda kwenye magurudumu hadi yasizunguke. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo wateja watapungua, na hesabu yetu lazima ikubali hivyo.

Tatu, umbali. Katika barabara ya maramu, mtu ambaye si mzoefu huenda kama kilomita 10 kwa saa, pamoja na kupumzika. Maporomoko ya Fourteen Falls katika mto Athi yako zaidi ya kilomita 20 kutoka Thika. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 40, yaani kazi ya siku nzima, na barabara ya Garissa ina malori. Hiyo si safari ya mtu wa mara ya kwanza. Mwambieni pia asinywe maji ya mto Athi, kwa sababu uchafu wa Nairobi unaishia humo. Na akitaka kupanda Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 ulio karibu na hapo, ajue kwamba ni hifadhi ya taifa na nyati wamo. Atalipa kiingilio na kufuata amri ya askari wa hifadhi.

3. NJIA NI YA NANI?

Hapa ndipo vikundi vingi vinaweza kupata shida. Barabara nyingi nzuri za baiskeli zinapita ndani ya mashamba makubwa ya kahawa na mananasi. Hizo si barabara za serikali, ni mali ya mwenye shamba, na zina walinzi. Msimpeleke mgeni huko kwa mazoea ya "sisi hupita hapa siku zote." Mlinzi anayekujua wewe hamjui mgeni wako.

Nendeni watu watatu, mwenyekiti, katibu na mzee mmoja anayeheshimika, mkaonane na meneja. Ombeni ruhusa ya maandishi inayosema njia gani, siku gani na saa gani. Mkikataliwa, msibishane. Tafuteni njia za umma, nazo ni nyingi.

Tena ardhi inabadilika upesi. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa kuwa ploti za nyumba, na mji mzima wa Tatu City unajengwa palipokuwa kahawa. Njia iliyokuwa wazi mwaka jana huenda leo ina ukuta. Kwa hiyo kila mwezi mtu wa kikundi aziendeshe njia zote mwenyewe na kuandika alichokiona.

4. BAISKELI GANI TUNUNUE?

Black Mamba ya zamani ni ngumu na hubeba magunia, lakini ni nzito na haina gia. Kwa migongo yetu, mgeni anahitaji baiskeli ya gia yenye matairi mapana na breki nzuri za mbele na nyuma. Nunueni za aina moja, ili spea ya moja iingie kwa nyingine. Msinunue bila fundi wenu kuangalia rimu, spoki na fremu. Na mdai risiti, kwa sababu baiskeli ya wizi ikitambuliwa itachukuliwa, na pesa yenu imekwenda.

Kila baiskeli iwe na namba iliyopakwa rangi, kengele, taa ya mbele, na taa nyekundu ya nyuma au kioo cha kuakisi mwanga. Mteja apewe kofia ngumu na kifuko chenye pampu, viraka, solushoni na spana.

Kabla ya baiskeli kutoka, mtunzaji aangalie mambo matano: breki, upepo wa matairi, cheni, nati za magurudumu, na usukani. Ni kazi ya dakika tano. Breki mbovu kwenye mteremko wa kwenda mtoni inaweza kuua mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni waya wa breki wa bei ndogo tu.

5. HESABU

Hizi ni namba za mfano. Nyinyi wekeni bei za soko lenu.

Tuseme wanachama 20 wametoa shilingi 3,000 kila mmoja. Jumla ni 60,000. Wamenunua baiskeli 5 za mtumba kwa 9,000 kila moja (45,000), kofia 5 kwa 1,000 kila moja (5,000), na vifaa na spea (8,000). Wamebaki na 2,000 za dharura.

Mapato ya wiki moja: Jumamosi na Jumapili baiskeli 3 zinatoka kila siku kwa 300, hiyo ni 1,800. Siku za kazi jirani wanakodi saa 10 kwa jumla, kwa 50 kila saa, hiyo ni 500. Jumla ni 2,300.

Kikundi kisichofanya hesabu kitasema, "Tumepata 2,300, tugawane." Lakini tazameni matumizi ya wiki hiyo: mtunzaji 700, matengenezo 400, na akiba ya kununua baiskeli nyingine 300. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika. Baiskeli hizi tuseme zitadumu miaka mitatu, yaani wiki 156. Tusipoweka kama 300 kila wiki, mwaka wa tatu tutabaki na vyuma na hatuna hata shilingi ya kuanza upya.

Jumla ya matumizi ni 1,400. Faida ya kweli ni 900. Ili 60,000 za wanachama zirudi, tunahitaji wiki 67 hivi, yaani zaidi ya mwaka mmoja na miezi mitatu, na ukiongeza miezi ya mvua ni zaidi ya hapo. Mwanachama anayehitaji pesa yake Krismasi ijayo aambiwe mapema. Ni afadhali akatae leo kuliko alalamike kesho.

6. MAKUBALIANO NA MTEJA

Kila safari iandikwe kwenye daftari: jina, namba ya kitambulisho, simu, namba ya baiskeli, saa ya kutoka, njia na saa ya kurudi. Msishike kitambulisho cha mtu. Andikeni namba, na mwombe amana ya pesa ambayo atarudishiwa. Daftari lifungiwe kabatini, maana tangu sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu tuna wajibu wa kutunza siri za wateja.

Mwambieni mteja mambo haya kwa mdomo: apite upande wa kushoto, asiendeshe kabisa katika njia za magari ya kasi za barabara kuu ya Thika, bali atumie barabara za pembeni na avuke kwenye daraja la miguu, arudi kabla ya jua kutua, asimpige mtu picha bila kumwomba. Panchari ya njiani nani analipa? Baiskeli ikipotea je? Mwandike majibu, asome, atie sahihi.

Nanyi kama kikundi jiandikisheni katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, fungueni akaunti yenye sahihi tatu, na muulize kampuni ya bima kuhusu ajali kabla mteja wa kwanza hajapanda baiskeli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chora ramani ya kijiji chako chini kwa kijiti. Njia zipi zinafuata mgongo? Zipi zina mwenyewe?
2. Katika wiki mbili zijazo, hesabuni wageni wanaopita kwenu Jumamosi na Jumapili. Je, wanatosha?
3. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 5 kwa bei za kwenu. Wateja wakipungua nusu, faida inabaki kiasi gani?
4. Nani atakuwa mtunzaji? Je, atatoa hesabu kwa wote kila mwezi, hata akiwa jamaa ya mwenyekiti?
5. Mgeni akila chakula cha mchana kijijini, nani atampikia, na pesa hiyo itaingia wapi?

Mkiona majibu hayaridhishi, msinunue baiskeli tano. Kodini mbili kwa fundi mwezi mmoja, mjaribu. Baiskeli mbili za kujaribu zitawafundisha mengi, na akiba ya akina mama itakuwa bado iko benki.