KIATU CHA NGOZI KATIKA UNYEVU WA PWANI

Jioni ya Jumamosi ya mwezi Aprili, mvua za masika zinapokatika kwa saa chache, watoto wengi wa shule wa Chanika huonekana uani wakiwa na karai, sabuni ya unga na jozi ya viatu vyeusi. Njia za mitaa ya huko, ng'ambo ya Pugu, mtu akishaiacha lami ya barabara kuu, ni za mchanga na udongo mwekundu. Mvua inyeshapo kiatu hurudi nyumbani kimebeba nusu ya njia. Mtoto hukitumbukiza ndani ya karai, hukisugua kwa brashi ya kufulia, kisha hukilaza usiku kucha kikiwa chapa maji. Jumapili hukianika juu ya bati ili kiwahi kukauka. Jumatatu kiatu kimekauka kweli. Lakini ngozi yake imekakamaa, na pale vidole vinapokunjia imeonekana mistari myembamba kama nyufa za jaruba wakati wa kiangazi. Ifikapo Juni mistari hiyo hufunguka, na mzazi hulalamika kwamba viatu vya siku hizi havina maisha.

Malalamiko hayo mara nyingine yana haki yake, kwa maana viko viatu vibaya sokoni. Hata hivyo viatu vingi vizuri haviuawi na njia ya shule. Vinauawa kwa namna vinavyooshwa na, zaidi ya hapo, kwa namna vinavyokaushwa.

Hasara yenyewe si ya fedha peke yake. Mabuu ya minyoo ya safura huishi katika udongo wenye unyevu na kivuli, hasa udongo wa kichanga, na huingia mwilini kwa kuipenya ngozi ya mguu mtupu. Mtoto ambaye kiatu chake kimekufa mwezi Juni huenda shule na kandambili, au pekupeku, mpaka fedha za jozi nyingine zipatikane.

Ngozi ni kitu gani

Ngozi ya ng'ombe au mbuzi ni mfumo wa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosukana kila upande mithili ya ukili usio na mpango. Ngozi mbichi ikiachwa na maji huoza; ikikaushwa bila dawa hugeuka kuwa ngumu kama ubao. Kazi ya kiwanda cha ngozi ni kuzifunga nyuzinyuzi hizo kwa dawa itakayozuia kuoza, kisha kuzitia mafuta ili ziteleze moja juu ya nyingine kiatu kinapokunjwa.

Dawa za kale ni tanini za magome. Gome la mikoko ya delta ya Rufiji lilisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo tangu enzi ya Wajerumani, na huko Njombe miti ya miwati ilipandwa na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 ili gome lake litoe tanini. Njia ya pili, ambayo leo ndiyo hutumika zaidi kwa ngozi ya juu ya viatu, ni ya chumvi za kromiamu. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1884 kwa Augustus Schultz. Tofauti ya njia hizi mbili huonekana kwenye joto. Ngozi mbichi iliyolowa husinyaa joto likifikia nyuzi 60 hadi 65 za Sentigredi. Ile iliyotengenezwa kwa magome hustahimili hadi kati ya nyuzi 70 na 85. Ile ya kromiamu hukaribia nyuzi 100. Ikumbukwe kwamba bati lililochakaa, katika jua la adhuhuri, huweza kupita nyuzi 60. Kiatu hakitasinyaa juu yake kama ngozi mbichi, lakini kimewekwa karibu mno na mpaka wa uvumilivu wake, na gundi inayoshika soli hulegea mapema zaidi kuliko ngozi yenyewe.

Dhara kubwa zaidi hutokea polepole, ndani ya ngozi. Kiatu kilicho katika hali yake njema huwa na maji kiasi cha sehemu 14 hivi kwa 100 za uzito wa ngozi. Kikilowa, maji huzitenga nyuzinyuzi na kuyasukuma mafuta. Kikikauka pole pole kivulini, maji hutoka kwa utaratibu na mafuta husalia mahali pake. Kikikaushwa kwa jua kali au kando ya jiko la mkaa, uso wa nje hukauka kwanza. Maji ya ndani huvutwa kwa haraka kuja juu, yakibeba pamoja nayo mafuta, chumvi na tanini zilizoyeyuka. Nyuzinyuzi zilizoachwa bila mafuta hushikana, kama wali uliosahauliwa sufuriani mpaka punje zake zikawa kitu kimoja. Hatua ya kwanza ya mvaaji ikikikunja kiatu hicho, nyuzinyuzi haziwezi kuteleza tena. Hukatika.

Sabuni huongeza msiba. Ngozi iliyotengenezwa ina uchachu kidogo: katika kipimo cha pH huwa kati ya 3.5 na 5. Sabuni ya mche hufika 9 au 10, na sabuni ya unga huweza kupita hapo. Kila namba moja ya kipimo hicho ni badiliko la mara kumi, hivyo kiatu kilicholala ndani ya povu kimehamishwa kutoka hali yake ya asili kwa mara elfu nyingi. Alikali hiyo hung'oa mafuta ambayo kiwanda kiliyaweka kwa gharama, na hulegeza kifungo cha tanini. Magadi ni mabaya zaidi. Ingawa huondoa harufu, hayafai kabisa kuguswa na ngozi.

Namna ya kukisafisha

Matope yaachwe yakauke kwanza. Ushauri huu huwashangaza wengi, lakini tope bichi likisuguliwa huingizwa ndani zaidi ya vinyweleo vya ngozi, ilhali tope kavu hubanduka kwa brashi. Kamba zitolewe, na soli ya ndani, kama si ya kubandikwa, itolewe pia. Baada ya brashi kavu, kiatu kipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Pakiwa na uchafu mkaidi, kitambaa kiguswe kwenye sabuni laini ya kuogea, kisha kipanguswe tena kwa maji matupu. Katika kazi yote hiyo kiatu hakihitaji kuingia kwenye karai hata mara moja.

Kiatu kilicholowa mvua kijazwe karatasi za gazeti zilizofinyangwa, nazo zibadilishwe baada ya saa moja au mbili, na tena kabla ya kulala. Karatasi hunywa maji kutoka ndani, upande ambao hewa haifiki, na hulinda umbo la kiatu. (Kwa viatu vya rangi nyeupe wino wa gazeti huchafua, daftari la zamani lafaa zaidi.) Kilazwe ubavu, kivulini, penye upepo, ili soli nayo ipate hewa. Katika masika huenda kikahitaji siku nzima na usiku wake. Kwa mwanafunzi mwenye jozi moja tu muda huo haupo, basi asiache kubadilisha karatasi, na kazi ianze mara arudipo shule, wala isingoje usiku.

Kiatu kikishakauka ndipo hupakwa mafuta au rangi, na hivi viwili si kitu kimoja. Rangi ya kopo, ambayo watu wengi huiita kiwi kwa jina la ile iliyobuniwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, kwa asili ni nta iliyoyeyushwa katika tapentaini na kutiwa masizi. Tapentaini huruka, nta hubaki juu kama ukuta mwembamba unaokinza maji na kushika mng'aro. Lakini nta hailishi ngozi. Kiatu kilichokakamaa kikipakwa rangi kila asubuhi kitang'aa kikiwa kinapasuka. Mara moja kwa mwezi, au kila baada ya kulowa sana, ngozi laini ya kawaida ipakwe mafuta kidogo mno, kama ya mbarika, kwa ncha ya kitambaa. Iachwe usiku mzima, ndipo asubuhi rangi ifuate. Mafuta ya mitambo yaliyokwisha kutumika, ambayo baadhi ya watu huyasifu, yana vyuma na asidi ndani yake na hayafai kwa ngozi ya kiatu wala ya binadamu.

Weupe wa aina tatu

Kiatu kilichokaa chini ya kitanda wakati wa likizo aghalabu hutoka na weupe juu yake, na wenyewe huupangusa wote kwa namna moja. Kumbe weupe huo huwa wa aina tatu. Ukiwa kama manyoya na una harufu ya chumba kilichofungwa, huo ni ukungu. Ukiwa mistari kama alama ya maji kupwa, ukayeyuka kwa kitambaa chenye maji, ni chumvi ya jasho au ya ardhi. Ukiwa kama unga wa nta, ukatoweka kwa kupashwa joto kidogo la mkono, ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu.

Mafuta hayahitaji dawa. Yasuguliwe tu yarudi. Chumvi hutolewa kwa siki sehemu moja na maji sehemu mbili, kwa kitambaa, kisha kwa maji matupu. Ukungu ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa huula ujenzi wa kiatu kwa kadiri unavyoachwa. Huota unyevu wa hewa ukidumu juu ya sehemu 70 hivi kwa 100, na katika Dar es Salaam ya mwezi Aprili unyevu wa asubuhi hupita 80. Upanguswe nje ya nyumba ili mbegu zake zisitapakae chumbani, siki ile ile itumike, na kiatu kipewe jua hafifu la asubuhi kwa robo saa. Hapo jua ni dawa. Likizidi hapo ni sumu.

Viatu vya michezo

Njumu za timu za mitaani hupita miguu mingi, maana jozi moja huchezewa na ndugu wawili au na mchezaji wa akiba. Jasho la mmoja halijakauka kabla ya mguu wa pili kuingia, na fangasi wa vidole hupata daraja. Palipo na ulazima wa kuazimana, kila mchezaji na avae soksi zake mwenyewe, na soli ya ndani ikaushwe kabla ya mechi nyingine.

Mfano ulio wazi wa madhara ya maji katika kiatu cha mchezo hupatikana katika bolingi, ambamo mchezaji huviringisha tufe zito juu ya sakafu ya mbao ili kuangusha vigingi kumi. Katika viatu maalumu vya mchezo huo, wa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, soli ya kushoto hufunikwa ngozi ya manyoya laini ili iteleze, na ya kulia huwa ya mpira ili ishike. Tone la maji likiingia katika soli ya kushoto, mguu hugoma katikati ya mwendo na mchezaji huanguka kifudifudi. Kwa hiyo soli hiyo husafishwa kwa brashi kavu tu, na mwenyewe hatoki nayo nje. Ngozi ya manyoya laini ya kiatu chochote, hata cha mtumba, hutaka matunzo hayo hayo: brashi kavu, na unga wa chaki au wa talki usiku kucha pakiwa na doa la mafuta.

Kuhusu mitumba, kuna kosa moja ambalo matunzo hayawezi kulisahihisha. Soli nyingi nyepesi za viatu vya michezo hutengenezwa kwa poliyurethani. Aina nyingi za plastiki hiyo huvunjwavunjwa pole pole na mvuke wa hewa, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu kilichokaa kabatini miaka mingi, kikasafiri katika robota, huonekana kipya mnadani na kumeguka kama mkate siku ya pili ya kuvaliwa. Mnunuzi aibonye soli kwa ukucha na kuikunja kwa nguvu karibu na kisigino: ikiacha alama isiyorudi, ikinata, au ikitoa chembe kama unga, akirudishe kiatu hicho kwenye rundo. Na kile atakachokinunua, asikifungie ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa mfuko huo huhifadhi unyevu. Boksi la karatasi lililotobolewa matundu, juu ya kabati wala si sakafuni, hutosha.