Namba Ipi Inapita Nyingine?

Katika nchi ya Maniema watu wengi hulima mpunga. Mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, alitaka kukoboa mpunga wake. Wenye mashine walikuwa watatu, na kila mmoja alidai sehemu ya mchele iwe malipo yake. Wa kwanza alisema: «Nitakurudishia 3/4 ya mchele.» Wa pili: «Mimi 0,7.» Wa tatu: «Mimi 72 kwa mia.»

Mtoto wake mkubwa akasema: «Mama, twende kwa wa tatu! 72 ndiyo namba kubwa.» Je, alisema kweli?

Watoto, hatuwezi kulinganisha urefu wa watu ikiwa mmoja amesimama, mwingine ameketi, na wa tatu amelala. Kwanza wote wasimame. Namba nazo ni vivyo hivyo: kwanza tuziandike zote kwa namna moja.

Gawanya 3 kwa 4: utapata 0,75.
Gawanya 72 kwa 100: utapata 0,72.
Katika 0,7 ongeza sifuri mwishoni: 0,70. Thamani yake haibadiliki.

Sasa linganisha tarakimu moja moja, ukianza kushoto. Baada ya mkato zote zina 7. Tarakimu inayofuata ni 5, na 2, na 0. Basi:

0,7 < 72 kwa mia < 3/4

Mchele wote ulikuwa kilo 40. Kwa mtu wa kwanza mama atapata kilo 30. Kwa wa tatu, kilo 28 na gramu 800. Kwa wa pili, kilo 28. Kama angalimfuata mtoto wake, angalipoteza kilo 1 na gramu 200, yaani chakula cha jioni cha nyumba nzima.

Angalieni tena: 0,65 haipiti 0,7, ingawa ina tarakimu nyingi zaidi, kwa maana 0,7 ni 0,70. Na 2/3 je? Ukigawanya, utapata 0,666… bila mwisho. Usiogope: tarakimu mbili za kwanza zatosha. Inapita 0,65, lakini haifiki 0,7.

Mtu asiyejua kulinganisha hudanganywa hata bila kuibiwa.

Mazoezi
1. Panga toka ndogo hata kubwa: 62 kwa mia, 3/5, 0,58, 0,6.
2. Mbili kati yake ni sawasawa. Ni zipi?
3. Mtu wa nne angesema: «Nitakurudishia 7/10.» Je, mama angepata kilo ngapi?