Dondoo muhimu: Kabla hujanunua friji kuukuu ya soda

Miji ya Buseresere na Katoro imeshikana, na soda baridi hapa haikosi mnywaji. Friji ya zamani yenye mlango wa kioo inavutia kuifufua, lakini anza na umiliki: nyingi zenye nembo ya Coca-Cola au Pepsi huazimwa wenye maduka zikabaki mali ya kampuni. Muuzaji asipokuwa na karatasi, ondoka, hata bei iwe tamu kiasi gani.

Kisha kompresa, maana hapo ndipo fedha yako itaokoka au kuzama. Iwashwe mbele yako, ukae nayo angalau saa mbili. Ikinguruma kidogo na kuzima, tena na tena, kompresa au kiwashio chake kina kasoro. Fundi akisema "gesi tu imeisha", mwambie akuonyeshe inapovujia. Gesi haiishi bila tundu.

Soma kibao cha nyuma uone aina ya gesi na volti. R12 imezuiwa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, usiitegemee. R134a mafundi wameizoea. R600a hushika moto, kwa hiyo asiiguse anayechomelea ovyo. Ukikuta volti 115, imeundwa kwa umeme wa Marekani. Wetu ni 230, utahitaji transfoma.

Raba ya mlango, taa na rangi zisikutishe. Lakini kutu ikiwa imetoboa sakafu ya ndani, friji hiyo mimi ningeiacha.

Ukinunua, isafirishwe ikiwa wima, ipumzike saa kadhaa kabla ya kuchomekwa, na ipitie kwenye kilinda umeme.